Nakukabidhi Mwanangu

Nilitoka Tunduma nikiwa na begi moja, brashi zangu za rangi nimezifunga ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimepaka rangi nyumba za wageni za mpakani mpaka kazi zikaisha, na mimi kazi ikiisha mahali huwa sikai kutazama kuta. Nililala Sumbawanga. Nikafika Mpanda, nikangoja treni ya Tabora ambayo kila niliyemuuliza aliniambia itakuja kesho. Ilipokuja tulikaa wanne kwenye kiti cha watu watatu, na mama mmoja akaniwekea ndoo ya mawese miguuni kana kwamba mimi ni rafu. Tabora nikapanda basi. Nzega, Tinde, Shinyanga, Misungwi. Vumbi, pamba, ng'ombe, vumbi tena. Basi lilitushusha Nyegezi asubuhi, miguu imevimba, na nilikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu asiyejua nyumba hata moja katika mji ule.

Muuza uji wa pale stendi aliniambia kuna mama anapangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo, upande wa juu.

"Lakini jiandae," akasema. "Atakuuliza mpaka dini ya bibi yako."

Hakuniuliza dini. Nilimkuta anafagia uwanja, mwanamke mrefu, mzee lakini amenyooka, kanga mbili kiunoni. Nikaweka begi chini, nikamwamkia.

"Marahaba. Nani anakujua hapa?"

"Hakuna, mama. Nimeshuka kwenye basi sasa hivi."

"Basi nani amekukabidhi?"

Sikuelewa. Nikamjibu kwamba nimejikabidhi mwenyewe. Akaegemea ufagio, akacheka.

"Mtu hajikabidhi. Anayejikabidhi mwenyewe ni mwizi." Kisha akanionyesha chumba cha mwisho, karibu na choo. "Kaa hapo. Nitakuangalia."

Alinipangisha miaka kadhaa. Sijawahi kukaa mji mmoja muda mrefu namna ile, na nikijiuliza kwa nini, namwona yeye kabla sijaliona ziwa.

Vyumba vilikuwa mistari miwili, vimetazamana, katikati sakafu ya saruji na bomba moja. Wapangaji wote walikuwa wanafunzi isipokuwa mimi. Mbele yake tulimwita Mama. Akiwa mbali tulimwita mama mwenye nyumba, kwa sauti ya chini, maana masikio yake yalifika mbali. Swichi kubwa ya umeme ilikuwa chumbani kwake, na akisikia harufu ya jiko la umeme anaikata bila kusema neno. Mwanafunzi anabaki gizani na mayai mabichi kwenye kikaango. Lakini mwanafunzi huyohuyo, akipita mlangoni kwa mama na uso wa njaa, anaitwa ndani na kuwekewa bakuli la michembe iliyopikwa na karanga. Yale matoborwa na michembe ya Usukumani mimi nilijifunza kuyala kwake, na mpaka leo nikiona viazi vilivyokaushwa sokoni nasimama.

Redio yake ilikuwa ya matangazo ya vifo. Wengine hungoja mpira. Yeye aliongeza sauti yanapoanza matangazo ya vifo, anatwanga karanga na kusikiliza majina ya watu asiowajua, ndugu walioko Geita, walioko Sengerema, mazishi yatafanyika nyumbani kwa marehemu. Likipita jina la kijana, mchi unasimama.

"Huyu alikuwa na kwao," anasema, halafu anaendelea kutwanga.

Alipiga marufuku wageni wa kiume kwenye vyumba vya wasichana, na alisimamia marufuku hiyo kwa ndoo ya maji machafu. Hata hivyo, msichana mmoja wa mwaka wa pili alipopata mimba na kwao wakamkataa, mama alimhamishia chumba cha pembeni mwa chake na kumpikia uji mpaka akajifungua. Akiulizwa, alisema tu kwamba chumba kile kilikuwa wazi. Alichukia uongo kuliko uchafu. Na mimi alinifanya mwongo.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka, masomo yakikaribia kufungwa, nyumba nzima ilishikwa na homa ya fildi. Mwanafunzi wa chuo lazima aende kwenye ofisi au karakana afanye mafunzo kwa vitendo kwa wiki kadhaa, na mahali pa kwenda anapatafuta mwenyewe. Chuo kinampa barua, kinamwambia nenda. Asipopata, mwaka wake umesimama. Niliwaona wakitoka asubuhi, mashati yamechomekwa, bahasha mkononi. Niliwaona wakirudi jioni, mashati yamechomoka. Nafasi zimejaa. Bosi amesafiri. Acha barua yako hapo mapokezi, tutakupigia. Hakuna aliyepigiwa.

Neema, msichana wa uhasibu aliyekaa chumba cha tatu, alirudi siku moja akamwambia mama kwamba ametuma maombi sehemu zote.

"Umemtuma nani?" mama akauliza.

"Sijamtuma mtu, mama. Nimetuma kwa imeili."

"Yaani hujaenda na mtu. Mwanangu, karatasi wanaweza kuiwekea kikombe cha chai juu. Mimi watanipa kiti."

Kesho yake alivaa gauni la bluu la kanisani, akafunga kitenge juu yake, akajaza hotpoti michembe na karanga, akaja kugonga mlango wangu.

"Baba, vaa shati la maana. Tunakwenda kumwombea Neema."

"Mimi tena? Mimi ni nani kwake?"

"Baba yake mdogo."

"Mama, huo ni uongo."

"Uongo uko wapi? Unakaa kwangu, unakula kwangu, nikiumwa unaniitia bodaboda. Kama si shemeji yangu, ni nani? Mwanamke hawezi kwenda kwenye jambo kubwa peke yake, wataona hatuna watu. Vaa."

Tulikwenda kama watu wanaokwenda kuposa. Ndivyo alivyolifahamu jambo lenyewe. Huendi kwa watu mikono mitupu, huanzi na shida yako. Unabisha hodi, unaamkia, unauliza habari za nyumbani, mvua, mifugo, na mwenye ofisi anabaki anajiuliza ni shangazi yake yupi aliyemsahau. Yule wa kwanza alikuwa meneja wa ghala la ushirika, mtu mzito mwenye miwani. Mama alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye kabla hajajua amesimama nusu. Michembe ikafunguliwa juu ya meza, kati ya kompyuta na mihuri.

"Mama, hii nimeila mara ya mwisho mama yangu akiwa hai," yule meneja akasema.

"Kula, mwanangu. Hii nayo ni ya mama."

Akala. Alipokwisha, mama alisimama, akamshika Neema mkono, akanigeukia kuhakikisha nami nimesimama, na kutamka maneno ambayo baadaye niliyasikia mpaka nikayajua kwa moyo:

"Huyu ni mwanangu. Leo nakukabidhi, mbele ya baba yake mdogo. Akikosea, mfundishe. Akiumwa, niite. Siku zake zikiisha nitakuja mwenyewe kumchukua."

Yule mtu mzima alivua miwani. Hakuzungumza tena habari ya nafasi kujaa. "Nimempokea, mama," akasema, na akasema kama mtu anayekula kiapo.

Kuanzia siku ile wanafunzi wote waliniita Baba Mdogo. Nikitoka na shati jeupe, walipiga vigelegele pale bombani.

"Baba Mdogo, leo tunamposa nani?"

"Kulwa wa umeme, nasikia."

"Kulwa? Huyo hata kwa ng'ombe hachukuliwi!"

"Ndiyo maana tumebeba michembe mingi," mama anajibu toka ndani, na uwanja unalipuka kwa kicheko.

Nisiwadanganye, si kila mlango ulifunguka. Pengine tulikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi walinzi wakabadilishana zamu, michembe ikapoa, tukarudi nayo. Ofisa mmoja kijana, mwenye viatu vinavyong'aa, alimwambia mama, "Bibi, hapa si mahali pa kulelea watoto." Mama alifunga hotpoti. Njiani alitembea mbele yangu bila kugeuka, na tulipofika nyumbani aliimwaga ile michembe kwa kuku, yote, yeye ambaye hakuwahi kutupa hata ukoko wa ugali. Jioni hiyo hakuwasha redio.

Alikuwa na sheria moja iliyozaliwa na maneno yake mwenyewe: aliyekabidhiwa haondoki. Akiondoka kabla ya siku zake, amemvunjia heshima aliyempokea, amemvua nguo mama aliyemkabidhi, na amewafungia mlango wanaokuja nyuma yake. Huyo Kulwa tulimpata nafasi kwenye hoteli moja ya ufukweni, akajifunze mambo ya umeme. Wiki ya kwanza wakampa brashi ya kuoshea vyoo. Akarudi analia.

"Siendi tena, mama. Mimi si mfanya usafi."

"Umetukanwa?"

"Hapana."

"Umeguswa?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Basi utarudi. Nilisimama mbele ya watu nikasema."

Alimshika mkono, akamrudisha yeye mwenyewe, na Kulwa akaosha vyoo mpaka fundi wa hoteli akaumwa mgongo, wakatafuta mtu wa kupanda ngazi. Alimaliza fildi yake juu ya ngazi, na walipomwajiri alimletea mama kuku. Yule kuku nilimla na mimi. Nimemtaja Kulwa kwa sababu mama alimkumbuka sana baadaye. Mama alikuwa amewahi kuwa sahihi, na kuwa sahihi kulimfanya awe mgumu.

Magesa aliletwa na mama yake kutoka Nansio. Walikuja na meli ya asubuhi, mama mwenye umbo dogo, mweusi, mikono ya mtu wa nyavu na muhogo, amebeba sato wa kukaangwa ndani ya kikapu. Kijana alikuwa mrefu, mpole, anasoma stashahada ya ujenzi, na alikuwa na tabia ya kugonga ukuta wowote kwa kidole anapopita, kama anayebisha hodi. Mama yake hakukaa. Alimshika kijana wake begani, akamsogeza kwa mama mwenye nyumba.

"Dada, huyu ndiye niliye naye. Nakukabidhi."

Wawili wale hawakuwahi kuonana. Lakini walikuwa wanazungumza lugha moja, na mama mwenye nyumba alinyooka zaidi ya alivyozoea kunyooka. "Nimempokea," akasema.

Mwaka wa kwanza Magesa alijitafutia fildi mwenyewe kwa sababu alikuwa na haya, hakutaka kusindikizwa kama mwali. Hakupata. Chuo kikamrudisha nyuma mwaka mzima. Mwaka uliofuata wakamwambia wazi kwamba akikosa tena, jina lake linaondolewa. Aliniambia haya akiwa anafua, bila kuinua uso.

"Nikirudi Nansio hivihivi, Baba Mdogo, nitasema nini? Watu walishaanza kumwita mama yangu mama injinia."

Tulizunguka naye mji mzima. Kirumba, Pasiansi, Nyakato, Buhongwa. Wakati ule wenzake wote walishaanza kazi na yeye bado anabeba bahasha. Mwishoni mtu alituelekeza kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anajenga nyumba kubwa juu ya kilima, huko Ilemela, ambako watu wanajenga katikati ya mawe na juu ya mawe na wakati mwingine chini yake. Tulipanda kile kilima kwa miguu. Mama alisimama mara kwa mara kushika kiuno, hotpoti nikambebea mimi.

Mkandarasi alikuwa ndani ya gari lake, kioo kimeshushwa, anaongea na simu. Tulisimama juani. Alipomaliza, mama aliamkia, akauliza habari za nyumbani. "Nzuri, nzuri," akasema, huku simu ikiita tena. Alipokea hotpoti kupitia dirishani na kuiweka kiti cha nyuma bila kuifungua. Mama akamshika Magesa mkono, akasema maneno yake yote, hakupunguza hata moja, kwenye dirisha la gari.

"Sawa sawa, mama. Aje kesho na buti."

Hakushuka. Hakusema amempokea. Tulipokuwa tunashuka kilima niliona mama anataka kusema kitu, midomo inacheza.

"Ana kazi nyingi," akasema hatimaye.

"Hajashuka kwenye gari," nikamwambia.

"Nimeona, baba. Nina macho." Akatembea kidogo. "Lakini mwaka wa huyu mtoto unakwisha."

Magesa alifurahi kama mtu aliyeajiriwa. Alirudi jioni na saruji kwenye nyusi, anatueleza zege, nondo, mlalo wa ukuta, na wenzake wanamtania kwamba sasa akigonga ukuta utamwitikia. Zilipita wiki kadhaa hivyo. Kisha akanyamaza. Siku moja, mvua za kwanza zimeanza mapema kuliko kawaida, alikuja kukaa mlangoni kwa mama, tukiwa tunachambua dagaa.

"Mama, pale kazini kuna jiwe."

"Mwanza yote ina mawe."

"Hili tunalichimba chini. Bosi anataka nafasi ya magari. Tumetoa udongo wote wa mbele, wameweka gogo kulishikilia. Maji ya mvua yanapita nyuma yake. Mimi naona linakaa vibaya."

"Umemwambia mkubwa wa kazi?"

"Nimemwambia msimamizi. Ameniambia mwanafunzi wa fildi kazi yake ni kuangalia, si kuongea."

Mama aliacha dagaa. Sitaki msomaji adhani alipuuza. Alichukua simu yake, akampigia mkandarasi, akaweka sauti kubwa tukasikia wote. Alimwamkia kwanza. Kisha akamweleza habari ya jiwe, kwa heshima, kama anayeuliza habari ya mgonjwa. Mkandarasi alicheka.

"Mama yangu, jiwe hilo liko pale tangu Mungu aumbe dunia. Lianguke leo kwa sababu ya mwanao? Mwambie aache uoga, hizo wiki mbili tatu zilizobaki amalize, nitamsainia."

Simu ikakatika. Mama akaiweka chini taratibu.

"Umesikia," akamwambia Magesa. "Mtu mzima amesema."

"Mama, naogopa."

Nikaingilia. Nilisema apumzike hata kesho, mvua ikate, tuangalie. Mama alinigeukia kwa ukali ambao sikuuzoea, na akikasirika Kisukuma kilimpanda mdomoni, r na l zikabadilishana viti.

"Apumzike akipumzikia nini? Akiondoka pare, nani atamsainia? Mwaka huu nao umekwenda, na chuo kimekwenda. Mama yake nitamwambia nini? Nirimpokea asome!" Akamgeukia tena kijana, sauti ikashuka. "Ng'wanawane, mwanangu, hata Kulwa alilia. Zimebaki siku chache. Simama mbali na hilo jiwe, fanya kazi upande mwingine. Mimi nilikukabidhi mbele ya watu."

Magesa aliitikia kwa kichwa. Alikula na mama usiku ule, na asubuhi aliondoka na buti zake ameziweka kwapani zisichafuke njiani.

Mama alikuwa anatwanga karanga simu ilipoita. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la bluu, akaniambia, "Twende tukamchukue."

Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Juu kule watu walikuwa wamesimama, wengine wakilia. Jiwe lilikuwa limesogea. Halikuvingirika, halikupasuka, lilikuwa limekaa tu mbele kidogo kuliko jana, kama mtu aliyesogeza kiti. Walikuwa watatu chini yake, vibarua wawili na yeye. Vibarua hao walikuwa wameambiwa wasogeze gogo, na Magesa alishuka kuwaonyesha mahali pa kulisimamisha. Msimamizi ndiye aliyetuambia, kofia ya kazi mkononi. Mkandarasi hakuwepo. Simu yake haikupatikana, na haikupatikana tena.

Ilichukua mchana wote na mashine iliyoletwa kutoka mjini. Mama hakukaa. Polisi alimwomba asogee nyuma ya kamba, naye akamjibu kwa upole, "Nilisema nitakuja mwenyewe kumchukua," na yule polisi akaiinua kamba.

Tulivuka naye kwenda Nansio. Ndugu zake walikuja kumpokea Mwanza, lakini mama alisema yeye ndiye aliyepokea, na yeye ndiye atakayerudisha. Alikaa karibu na jeneza safari nzima, mkono juu ya ubao, na upepo wa ziwa ulipomvua kitambaa cha kichwa hakukiokota; nilikiokota mimi. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe. Sikuwa na lingine.

Mama yake Magesa hakupiga kelele. Nilizitarajia kelele na nilizitamani. Baada ya mazishi alituita chumba cha ndani, akatuwekea ugali wa muhogo na samaki, kwa sababu wageni wa kutoka mbali hawaachwi na njaa. Mama mwenye nyumba alinawa mikono, akabaki ameishika hewani.

"Dada," mama yake Magesa akasema, "mimi nilikukabidhi wewe. Wewe ulimkabidhi nani?"

Mama alifungua mdomo. Nikamwona anatafuta. Alijua gari lilikuwa la rangi gani, alijua michembe iliingilia dirisha lipi. Jina hakuwa nalo. Tulimwita bosi, wote, kuanzia msimamizi hadi kibarua, na yeye aliyeuliza watu mpaka habari za mifugo yao hakuwahi kumwuliza yule jina lake na la baba yake.

"Simjui," akasema.

Mwenye msiba alimtazama, akasogeza sahani karibu yake. "Kula," akasema. "Meli iko mbali."

Hakula. Hata mimi sikula, ingawa sahani ilisogezwa mara mbili.

Nyumba ya Nyegezi ilipungua watu. Hakuna aliyemlaumu mdomoni. Walihama mmoja mmoja, kila mmoja na sababu, mwingine chuo kiko mbali, mwingine amepata chumba chenye choo ndani. Kulwa alikuja akakaa naye siku nzima, akaondoka macho mekundu. Wapelelezi walikuja wakaandika, wakarudi wakaandika tena. Mama hakukata umeme wa mtu. Matangazo ya vifo yakianza alizima redio. Na msimu wa fildi ulipofika, msichana mmoja mpya, Rehema, anayesoma mambo ya mitambo, alipogonga mlango wake na bahasha mkononi, nilimsikia mama akimwambia, "Mimi siendi tena kwa watu. Nenda na karatasi yako." Rehema alizunguka na karatasi yake mpaka viatu vikafunguka soli. Namjua mama, alikuwa anavitazama vile viatu kila jioni.

Mimi nilipata taarifa ya kazi Musoma, shule inapakwa rangi upya, na safari hii nilijua sitarudi. Si kwa ugomvi. Nilikuwa siwezi tena kuvaa shati jeupe. Nilifunga brashi, nikaenda kumuaga, nikakuta mlango una kufuli. Jirani akaniambia nikamtafute Nyakato, kwenye karakana ya kuchomelea matela. "Yuko huko kila siku," akasema. "Watu wanamcheka."

Nyakato ilikuwa njia yangu. Nilimwambia wa bodaboda asimame. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya geti la mabati, jua lote lake, gauni la bluu limepauka mabegani. Mlinzi wa geti, kijana mwembamba, aliponiona nimebeba begi akadhani nimekuja kumchukua.

"Mzee, mwambie mama yako aende nyumbani. Bosi anasema anatisha wateja. Huyo binti hajaliwa na mtu humu."

"Bosi wenu anaitwa nani?" nikamwuliza bila kujua kwa nini.

Mama ndiye aliyejibu. Alitaja jina la mtu yule, la baba yake, kijiji chake, kanisa anakosali na nyumba anakolala. Kisha akanikaribisha kwa macho, hakuinuka.

"Kumbe ulimwombea," nikamwambia.

"Nilimwombea. Lakini sikumkabidhi. Namngoja tu."

"Kila siku, mama?"

"Anaingia saa ya kazi, anatoka saa ya kazi. Mimi nina kazi gani nyingine?"

Nikamwambia naondoka, na kwamba si kuondoka kwa kurudi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaanza kuniombea njia, Mungu akutangulie, Mungu akupe watu, na ndani ya geti kitu kizito kikaanguka juu ya saruji. Aliuachia mkono wangu. Sikuwahi kuona mzee akisimama haraka vile. Ndoo ilivingirika mpaka barabarani.

"Ni bomba tu, mama!" mlinzi akasema. "Bomba limedondoka, kila siku yanadondoka!"

Hakumsikiliza. Alibandika viganja kwenye bati la geti na kuita, "Rehema!"

Mashine ya kusagia chuma ilikuwa inalia ndani. Akaita tena. Wapita njia wawili walicheka, mmoja akaiga sauti yake. Wa bodaboda alinipigia honi, basi la Musoma halingoji mtu. Mama aliita kwa mara nyingine, na mimi nikabaki nimesimama na begi langu begani, mpaka mashine iliponyamaza na sauti ya msichana, ya aibu na ya hasira kidogo, ikatoka nyuma ya mabati.

"Niko, mama!"

Ndipo nikapanda.